Keratokonasi na lenzi ngumu: miaka saba ya macho yangu, karibuni tujadili

Karani wa Mizani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nimekuwa msomaji wa jukwaa hili la afya kwa muda mrefu. Kila nikitafuta neno keratokonasi, ugonjwa wa macho nilio nao, nakuta maswali mawili matatu ya watu waliokata tamaa, majibu hakuna. Nimeamua kuandika ninayoyajua, maana naamini sasa hivi yupo kijana mahali fulani anabadilishiwa miwani kila mwaka na hajui anaumwa nini.

Mimi ni karani wa chama cha msingi huku Masasi. Msimu wa korosho ukifunguliwa kazi yangu ni kusimama kwenye mizani tangu asubuhi hadi giza, nasoma kilo, naandika stakabadhi. Mizani yetu ina tarakimu nyekundu za umeme. Msimu wa 2017 zile tarakimu zilianza kuota mikia. Nane ikawa na kivuli chake pembeni, sita ikafanana na nane, sifuri ikawa donge tu la moto. Na miwani nilikuwa nayo usoni, mpya. Siku moja mzee mmoja alileta magunia yake, nikasoma la kwanza, nikaandika 66. Akaniangalia, akasema taratibu, "Mwanangu, hebu isome tena." Nikasogea hadi pua inakaribia kugusa kioo. Ilikuwa 86. Kilo ishirini za mzee wa watu, jasho la mwaka mzima, zilikuwa zimepotea kwa sababu ya macho yangu. Usiku ule sikulala.

Duka la miwani nililokuwa naenda walikuwa wamenibadilishia miwani mara nne ndani ya miaka mitatu. Kila mara namba ya astigmatizimu, yaani jicho kupinda kusiko sawa, imepanda, kila mara naambiwa nitazoea. Hakuna aliyeniambia kwamba huko kupandapanda kwenyewe ndiyo dalili.

Januari 2018 nikapanda basi kwenda Dar. Daktari wa macho niliyempata hakuanza na ubao wa herufi. Aliniwekesha kidevu kwenye mashine inayochora ramani ya konea, yaani kile kioo kiangavu cha mbele ya jicho. Picha ikatoka yenye rangi, bluu na kijani pembeni, na chini kidogo ya katikati doa jekundu. Akaniambia hapo kwenye jekundu ndipo konea imekonda na kuchomoza. Konea ya mtu wa kawaida imeviringa vizuri, na katikati ina unene wa mikroni 540 hivi, zaidi kidogo ya nusu milimita. Yangu ya kushoto ilikuwa 452, ya kulia 389, na zote zimechongoka kama pua ya embe. Ndiyo maana ya jina lenyewe, konea iliyo kama koni.

Jicho la kushoto nilifanyiwa krosi-linki. Wanaondoa utando laini wa juu ya konea, wanadondoshea raibofulavini, ambayo ni vitamini B2, kwa nusu saa, kisha wanamulika mionzi ya UVA, aina ya urujuanimno, nusu saa nyingine. Nyuzi za konea zinafungamana, inakakamaa, haiendelei kuchomoza. Njia hii ilibuniwa Dresden, Ujerumani, na matokeo ya wagonjwa wa kwanza yalichapishwa 2003. Jicho la kulia hawakuligusa, kwa sababu utaratibu ule wa kawaida unataka konea iwe na angalau mikroni 400, na langu lilikuwa limeshakonda chini ya hapo. Hili linaniuma hadi leo. Ningepimwa miaka miwili mapema, lingewahi.

Sasa elewa jambo hili, maana wengi wanalichanganya: krosi-linki inazuia ugonjwa usiendelee, haikurudishii uoni. Lenzi, yaani ile inayovaliwa juu ya jicho lenyewe, inakurudishia uoni, haizuii ugonjwa. Mimi nilizihitaji zote mbili.

Kwa nini lenzi na si miwani? Miwani inarekebisha jicho lililopinda kwa mpangilio. Konea yetu imepinda ovyo, mwanga unaingia na kutawanyika, ndiyo hiyo mikia na vivuli. Lenzi laini nayo inalala juu ya konea kama kitambaa juu ya jiwe, inafuata kila mwinuko, kwa hiyo makosa yanabaki yaleyale. Lenzi ngumu haipindi. Ikikaa juu ya jicho, nafasi iliyobaki chini yake inajazwa na machozi, na mbele ya jicho unapata uso mpya uliolainika. Mara ya kwanza mtaalamu aliponiwekea ya majaribio, machozi yalinitoka dakika kama ishirini, jicho limekataa kabisa. Yalipokauka nikatazama ukutani. Kulikuwa na kalenda. Nilisoma tarehe, nikasoma na jina la kiwanda cha uchapishaji pale chini kwa herufi ndogo. Nilikaa kimya muda mrefu.

Nilianza na zile ndogo zinazopitisha oksijeni, upana wa milimita 9 na kitu, zinazoelea juu ya konea. Mijini pengine zingenitosha. Ghalani kwetu, msimu wa korosho, vumbi halina mfano. Chembe moja ikiingia chini ya ile lenzi unaacha gunia, unaacha mkulima, unainama ukishika uso. Mara mbili lenzi iliniruka jichoni ikaangukia sakafuni. Nilivumilia miaka miwili, konea ikaanza kuchubuka pale kwenye ncha.

Mwaka 2021 nikahamia lenzi za sklera. Hizi ni kubwa, zangu zina milimita 16. Hazikai kwenye konea kabisa, zinakaa kwenye weupe wa jicho na kuiruka konea juu kwa juu. Vumbi haliingii kirahisi, na ajabu ni kwamba haziumi kama zile ndogo, japo kwa kuzitazama utaogopa. Namna ya kuvaa: lenzi ni kama kibakuli. Unaiweka juu ya kipira cha kushikia, unaijaza salaini, yaani maji safi ya chumvi, isiyo na dawa ya kuhifadhia mpaka ifurike, unaweka kioo mezani, unainamisha kichwa hadi uso unatazamana na meza sawasawa. Vidole viwili vinafungua kope, unapandisha lenzi taratibu mpaka salaini inakugusa, ya baridi, na hapo usisite. Ukisita unapata povu, yaani kiputo cha hewa chini ya lenzi. Povu dogo kama punje ya ulezi linatosha kukuharibia uoni, itabidi utoe uanze upya. Wiki ya kwanza nilikuwa natumia dakika arobaini. Sasa hivi ni dakika tatu kwa macho yote mawili.

Nitajibu maswali kadiri niwezavyo. Mimi si daktari.

Mama Nasri

Asante sana mwanangu kwa bandiko hili, nimelisoma mara mbili. Mimi niko Tanga. Mwanangu ana miaka 14, yuko kidato cha pili. Tangu mdogo macho yanamwasha, anayafikicha kwa ngumi mpaka yanakuwa mekundu. Miwani tumeshabadilisha mara tatu. Namnunulia dawa ya matone pale duka la dawa, anapata nafuu wiki mbili halafu yanarudi. Je, huyu naye anaweza kuwa na hiyo keratokonasi?

Karani wa Mizani

Shikamoo mama. Siwezi kusema anayo, ila ulivyoeleza ni kama unanieleza mimi nikiwa mdogo. Nami nilikuwa nafikicha kwa vifundo vya vidole, bibi ananichapa mkono. Mzio wa macho na kufikicha vinakwenda pamoja na ugonjwa huu mara nyingi mno. Tafadhali mpeleke hospitali yenye mashine ya ramani ya konea, usiishie dukani kwa miwani. Kwa umri wake ugonjwa unakwenda mbio kuliko kwa mtu mzima. Na hayo matone naomba mtaalamu mmoja atusaidie hapa, mimi nina wasiwasi nayo.

Mpima Macho Moshi

Nimeuona uzi, nami ni mtaalamu wa optometria, niongezee.

Mama Nasri, angalia jina kwenye hiyo chupa. Matone mengi yanayotuliza haraka namna hiyo yana steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Daktari huyaandika kwa muda mfupi na anapima presha ya jicho. Ukimtumia mtoto miezi na miezi bila kupimwa, yanaweza kumletea glakoma, yaani presha ya jicho inayoua mshipa wa kuona, au mtoto wa jicho. Yapo matone ya mzio yasiyo na steroidi ambayo anaweza kuyatumia muda mrefu, daktari atakuchagulia. Wakati huo, akiwashwa awekewe kitambaa safi cha maji baridi juu ya kope zilizofumbwa. Mkono usifike jichoni.

Pili, kuhusu lenzi. Watu wanadhani ni mambo ya juzi. Daktari Mwingereza John Nottingham aliueleza ugonjwa huu kwa kirefu mwaka 1854. Mwaka 1888 Eugène Kalt kule Paris alikuwa anawavalisha wagonjwa wa keratokonasi magamba ya kioo, kioo cha kweli. Yalikuwa mazito na oksijeni haipiti, mtu haendi nayo siku nzima. Kilichobadilika ni malighafi. Wazo la kuifunika konea iliyochongoka kwa uso mgumu laini ni lilelile.

Tatu, kupimiwa. Lenzi hizi hazinunuliwi kama miwani ya kusomea. Mtaalamu anakuwekea ya majaribio, anakuacha ukae nayo nusu saa au zaidi itulie, kisha anaweka rangi ya fluoresini na kumulika mwanga wa bluu. Pale rangi ya kijani ilipojaa, pana nafasi. Pale palipo na weusi, lenzi inagusa konea. Ya sklera ikigusa konea au ikibana mishipa ya weupe wa jicho, inarudishwa, inachongwa upya. Usione aibu kurudi mara tatu au nne. Mimi mgonjwa asiporudi ndipo napata mashaka.

Na kama tayari unavaa lenzi unakwenda kupimwa ramani ya konea, ziache kwanza kwa siku atakazokuambia daktari. Lenzi inaibana konea, ramani itadanganya.

Kijana wa Kisauni

Salaam ndugu zangu, niko Mombasa. Nami ninayo, macho yote mawili, nilijulishwa nikiwa chuo. Mie bado navaa zile ndogo na nashukuru. Zilikuwa zanichoma, mpaka mtaalamu akanifunza kuvaa lenzi laini chini na ngumu juu yake. Ile laini yawa kama godoro. Kazi ni mbili, kuosha ni mara mbili, lakini navaa saa kumi bila tabu.

Kwa vijana wanaoona haya na ugonjwa huu: Stephen Curry, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Golden State Warriors kule Marekani, yule hodari wa kutupa mpira kutoka mbali, mwaka 2019 alisema hadharani ana keratokonasi. Alikuwa amezoea kukodoa macho hata akaona ni kawaida, mpaka alipovaa lenzi.

Nina swali. Je, wudhu mwafanyaje na hizo kubwa? Mie huvua kila swala na nachoka.

Karani wa Mizani

Waalaikum salaam kaka. Mimi sivui. Nanawa uso macho nimeyafumba vizuri, nakausha kope kwa taulo safi kabla sijayafumbua. Sheikh wetu hapa nilimuuliza, akaniambia ndani ya jicho si mahali panapopaswa kuoshwa. Muulize na wa kwenu moyo utulie. Ninachokiogopa ni maji kuingia chini ya lenzi. Bahari, mto, bafu la kumwagilia kichwani, vyote nafanya bila lenzi.

Mpima Macho Moshi

Na hapo pa maji nipakazie. Usioshe lenzi kwa maji ya bomba, ya kisima, ya chupa, hata yaliyochemshwa. Yupo kijidudu, amiba anayeitwa akantamiba, anaishi kwenye maji ya kawaida kabisa. Akinasa kati ya lenzi na konea anaila, maumivu yake hayaelezeki, matibabu ni ya miezi, na wapo waliopoteza jicho. Kesi lenyewe la lenzi, yaani kikasha cha kuihifadhia, nalo lisioshwe kwa maji ya bomba. Na mate kamwe.

Dawa ya kusafishia yenye haidrojeni peroksaidi ni nzuri, lakini itumike na kesi lake maalumu na lenzi ilale humo angalau saa sita ndipo makali yaishe. Ukiiweka jichoni mbichi itakuunguza.

Mkulima wa Newala

Karani, nakujua vumbi la ghalani unalosema. Mimi napuliza salfa kwenye mikorosho kila mwaka, na nina tatizo hilihili. Mjomba wangu ananipa asali ya nyuki wadogo nidondoshee asubuhi na jioni, anasema imemponya mtu Tandahimba. Nifuate nini?

Karani wa Mizani

Ndugu yangu wa Newala, mjomba anakupenda, sina shaka. Lakini asali ya mzinga haijachujwa vijidudu, na konea yako imeshakonda. Ikipata kidonda itabaki na kovu, na kovu katikati ya konea hakuna lenzi itakayolipita. Mimi jicho la kulia nina kovu dogo, ndiyo maana hata na lenzi halioni kama la kushoto. Hakuna tone la kitu chochote linalonyoosha konea.

Salfa ni jambo zito. Siku ya kupuliza usivae lenzi kabisa, vaa miwani ya kinga iliyoziba pande zote. Ikibidi uvae, basi miwani ya kinga juu yake, na ukihisi kuwashwa ondoka shambani kwanza, nawa mikono kwa sabuni, ndipo uitoe. Usitoe lenzi kwa vidole vyenye salfa.

Bint Mzizima

Kaka karani, mimi nataka kujua gharama, na zinadumu muda gani? Na ni kweli mchana zinaingia ukungu?

Karani wa Mizani

Dada, bei inategemea mahali na aina, nikitaja yangu nitakupotosha. Nikuambie hivi tu: jozi yangu ya kwanza ya sklera ilimeza mapato ya korosho za familia msimu mzima, na niliagiziwa nje, nikasubiri wiki kadhaa. Zimenichukua karibu miaka mitatu. Halafu kuna gharama ambayo watu hawaihesabu, salaini. Mimi natumia vichupa vidogo vya plastiki vya mara moja, asilimia 0.9, visivyo na dawa ya kuhifadhia. Ukikifungua, kilichobaki unamwaga, hakuna kuweka akiba ya kesho. Piga hesabu ya mwaka kabla hujaagiza lenzi.

Ukungu ni kweli. Kwangu huja saa saba au nane mchana, ni uchafu wa machozi unaojikusanya chini ya lenzi, unaona kama umeingia jikoni kwenye moshi wa kuni. Natoa, naosha kwa salaini, najaza upya, navaa. Dakika tano. Bosi wangu alishaelewa, natoka wakati wenzangu wanakunywa chai. Usiku navua, silali nazo hata safarini. Na nina miwani yangu ya zamani mfukoni siku zote, kwani jicho likiwa jekundu au likiuma asubuhi, siku hiyo lenzi haiingii.

Mpima Macho Moshi

Jicho likiwa jekundu, linauma na uoni umeshuka ghafla, usisubiri kesho. Na likipauka ghafla likawa kama na maziwa, hiyo huenda ni konea imepasuka kwa ndani na maji ya jicho yameingia. Inatibika, lakini mwone daktari siku hiyohiyo. Wachache hufikia kupandikizwa konea, na hata hao wengi wao hurudi kwenye lenzi baadaye.

Mama Nasri

Mwanangu karani, nimerudi. Yale matone yalikuwa na steroidi kweli, daktari ameyasimamisha. Presha ya macho ni nzuri, alhamdulillahi. Lakini ramani imeonyesha anayo, macho yote mawili. Unene ni 471 na 463. Daktari amesema krosi-linki ifanyike kabla ya mwezi kwisha, jicho moja kwanza. Nimelia sana kwenye gari. Mtoto mwenyewe ananiuliza itauma?

Karani wa Mizani

Pole mama yangu. Sikiliza, 471 na 463 ni namba ambazo mimi ningezilipia chochote mwaka ule. Umewahi.

Mwambie ukweli. Wakati wa kufanyiwa hataumia, watamtia ganzi ya matone, ataona mwanga wa bluu tu. Ganzi ikiisha jioni ndipo itauma, kama mchanga na pilipili, siku mbili tatu za mwanzo. Mwombe daktari dawa ya maumivu mapema, msingoje ianze. Chukua miwani ya jua na kofia yenye ukingo mpana, maana mwanga utamchoma akitoka tu mlangoni. Funga mapazia chumbani kabla hamjaondoka nyumbani. Watamwekea lenzi laini ya kufunika kidonda, hiyo ni ya daktari kuitoa, asiiguse. Na usiku mfungeni ile ngao ya plastiki juu ya jicho, kwa sababu akiwa usingizini mkono utakwenda kufikicha wenyewe.